Mume Wangu Anaomba Radhi Mtaa Mzima

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nimekwama, naomba unishike mkono, na nikichanganya maneno univumilie kwa sababu naandika huku sikio liko mlangoni. Mume wangu ni seremala, na tangu tuoane hajaelewana na mama yangu, kisa mama alisema mbele ya wageni kwamba kitanda alichotutengenezea kinalia kama mbuzi, mama ana mdomo huo, basi juzi mume wangu akaenda mwenyewe kwa mama, akapiga magoti, akaomba radhi, mama akalia, akanipigia simu akasema mwanangu, mumeo sasa amekuwa mtu mzima, nami nikafurahi, Shangazi, nikafurahi kama mjinga. Kisha akaenda kwa kaka yake mkubwa, kisha kwa jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya maji machafu, na sasa kila mtu ananisimamisha njiani kunipongeza. Lakini jana nilipita karakana nikakuta randa zake, patasi na ule msumeno wa mkono, vitu ambavyo mimi mkewe siruhusiwi hata kuvipangusa vumbi, amempa yule seremala wa ng'ambo ya barabara anayemnyang'anya wateja. Nikamuuliza, sasa utafanyia nini kazi? Akasema, "Sitavihitaji tena. Ijumaa nasafiri."

Yalianza mwaka jana askari walipombomolea karakana ya kwanza, mbao zikapakiwa kwenye lori huku anatazama, na alipouliza akapigwa kofi na mmoja wao ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Sisi sote tulimwambia jikaze. Aliyekaa naye chini akamsikiliza ni mteja mmoja tunayemwita Mpole, aliagiza kabati na mpaka leo hajalichukua, anakuja kukaa tu, anamwonyesha video za watu wetu wanaouawa, anamwambia wanaume wa kweli hawakai kuranda mbao, na mume wangu taratibu akaacha kucheka, akaacha kuwasalimia wale wa upande wa pili wa soko, wasio wa jamii yetu, anasema wale si watu. Nikamuuliza, "Na watoto wao je?" Akanijibu huku anakula, wala hakupandisha sauti, "Wakikua watakuwa kama baba zao."

Shangazi, na sisi tuna watoto, wanamrukia kila akirudi. Nikisema polisi, wataniulia mume. Nikinyamaza, sijui Ijumaa atakufa nani. Ameshaomba radhi kwa kila mtu isipokuwa mimi, na jinsi anavyoniangalia najua zamu yangu iko karibu. Nifanyeje?

Mke wa Seremala

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirukisha foleni nzima, na gazeti linatoka Alhamisi, kwa hiyo soma haraka. Na kwa nini hukuacha namba ya simu? Ningekuwa nimeshakupigia.

Mumeo hajawa mtu mzima. Anaaga. Fundi anayetarajia kurudi hagawi randa zake, na moyoni unalijua hilo, ndiyo maana ulishika kalamu. Pole sana. Kofi lile lilikuwa la kweli, na hasira yake ina haki. Lakini Mpole hakuja kumtibu kidonda, alikuja kukichokonoa, na Ijumaa usitegemee kumwona safarini. Watu wa aina yake husindikiza tu.

Sasa nikugombeze. Wote hao wanakupongeza njiani na hukumwambia hata mmoja! Nenda kwa shemeji yako leo, kabla hujapika, umweleze yote, hasa lile neno kuhusu watoto. Aje akae na mdogo wake, alale hapo hapo. Asimtukane wala asimhubirie. Amwache aseme habari za lile kofi mpaka aishiwe, maana hilo ndilo mlilomnyima. Mpole usimguse wala usimtishe. Watoto wapeleke kwa mama yako.

Kisha wewe na shemeji, pamoja na wakili au kiongozi mnayemwamini, mkatoe taarifa polisi leo hii. Usiende peke yako, na mjue jina la ofisa aliyewapokea. Sikudanganyi, sijui watamtendea vipi. Huenda akafungwa, huenda akakuita msaliti mpaka uzeeni. Lakini mume aliye jela unaweza kumpelekea chakula. Na wale wa upande wa pili wa soko nao wana wake wanaowangoja jioni.

Halafu hiyo zamu yako. Akija kukupigia magoti usilie kama mama yako, wala usimwinue. Mwambie hujamsamehe. Mwambie ana makosa chungu nzima kwako na hutaki kulisikia neno radhi mpaka awe kizee asiye na jino. Anataka kuondoka na moyo mweupe, mwanangu. Usimpe.

Sasa kunja gazeti, uende kwa shemeji yako.