Nilipolala Mtumbwini

Mpendwa dada Spesi,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Nilisema nitaandika nikishajifungua, nikajifungua. Nikasema mtoto akishakaa, akakaa. Sasa anatambaa, anakula mchanga wa Bangwe kwa viganja viwili, na mimi bado nilikuwa sijashika kalamu. Ningesingizia kazi, na kweli kazi ipo. Lakini Dada, nilikuwa naogopa utakachonijibu.

Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Atakayeibeba kuja Rumonge anaweza kuisoma, na wewe ukikataa kuisoma, akusomee kwa sauti. Wenzangu wa kwenye vichanja vya dagaa nao nimeshawasomea. Hao ndio walionifanya mtunzi, wao na wewe.

Unaukumbuka mkeka wetu kule kambini? Nikipiga kelele usingizini, ulikuwa unanipangusa uso kwa kiganja kilicholowa.

"Umeota nini?"

"Mtu mwenye panga."

"Nani kashinda?"

"Yeye."

"Basi rudi ulale ukamshinde. Usiache ndoto katikati, itakufuata mchana."

Na mimi nilirudi kweli. Nilifumba macho, nikampokonya panga, nikamkata miguu, halafu nikakutikisa nikusimulie. Ukacheka kwa sauti ya chini. "Na mikono je? Umemwachia ya nini?" Nimesoma mpaka la saba chini ya turubai, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kutunga hadithi. Ulinifundisha wewe, gizani, ukiwa nusu umelala.

Siku hizi natunga. Elia ananyonya sana usiku, na akishaniamsha, usingizi haurudi, basi nakaa nakumbuka nilichokuwa naota na kukipangia maneno. Asubuhi tunapoanika dagaa nawasimulia wenzangu. Bi Mwamini, mama mmoja wa Ujiji mwenye mdomo wake, ndiye anayeanza:

"Mama Elia, jana uliua wanajeshi ukawamaliza. Leo umetubakishia nani?"

"Leo nachinja mkuu wao."

"Mchinje polepole basi, dagaa bado mbichi."

Wanacheka. Hata wale walioyaona mambo huko ng'ambo ya ziwa wanacheka, na mmoja wao aliwahi kuninong'oneza kwamba siku nikimuua mtu vizuri, na yeye hulala. Mimi nimejifunza kitu kimoja tu katika kazi hii: ndoto inakupa damu, haikupi sababu. Sababu unabaki kuitafuta ukiwa macho, na huko kuitafuta ndiko kuandika.

Lakini kuna hadithi moja inanishinda kuimaliza. Ni ya mtumbwi wetu.

Mwanzo wake naukumbuka. Nakumbuka nyumba ya jirani inawaka, na Baba amelala kifudifudi mlangoni, kisogo kimefunguka, na Mama anatuvusha juu yake kama tunavuka gogo. Nakumbuka alivyotunywesha urwarwa, ile pombe ya ndizi, mimi na mdogo wetu aliyekuwa mgongoni. Kina mama wote walifanya hivyo, kwa sababu askari wa doria walisikiliza vilio ziwani, na mtumbwi wenye mtoto anayelia ulimiminiwa risasi pamoja na wote waliomo. Yaliyofuata siyajui. Nililala. Niliamka jua limeshapanda, tuko upande huu, Mama ameketi mchangani, fundo la mbeleko bado liko kifuani pake, na mgongoni hamna mtu.

Mama alikufa kambini bila kulisema. Wewe nilikuuliza mara moja tu, tukiwa kwenye foleni ya maji. Ulinipiga kofi mpaka ndoo ikanidondoka, halafu ukalia wewe. "Wewe ulilala," ukasema. "Shukuru." Njia ya kurudi ilipofunguliwa ukarudi Burundi, mimi nikabaki huku nikaolewa na Baba Elia, na neno likabaki hapohapo kwenye foleni.

Kwa kuwa hukunijibu, ndoto zikanitungia. Katika ya kwanza, risasi inampata mtoto mgongoni pa Mama, na Mama, bila kujua, anaendelea kumbembeleza. Katika ya pili, mwanamume mmoja mtumbwini anasema "Mnyamazishe!", anamchomoa kwenye mbeleko kama mtu anayeng'oa muhogo, anamtupa. Mshindo wa maji ni mdogo mno, kama wa kikombe kilichoponyoka. Katika ya tatu, urwarwa haukumtosha. Anaanza kulia, na mkono unamziba pua na mdomo, na sauti inamwambia "Hora, hora," nyamaza, nyamaza, mpaka miguu yake inaacha kurusha mateke. Mkono huo ni mdogo. Ni mkono wako, Dada.

Nilipowasimulia wenzangu hii ya tatu, hakuna aliyecheka. Bi Mwamini alisimama na dagaa wake mkononi. "Hii usiende kuimalizia usingizini, mwanangu," akasema. "Muulize mwenyewe."

Hata hapo ningeendelea kunyamaza. Ila juzijuzi Elia aliugua masikio, akawa analia bila kupumzika, na mimi nikapitiwa na usingizi nimekaa, nimempakata. Kilichonizindua ni kipande cha kuni. Baba Elia alikuwa ananipiga nacho mkononi, anapiga kweli, anapiga kama anaua nyoka.

"Unamuua! Mama Elia, unamuua mwanangu!"

Kiganja changu kilikuwa kimebana mdomo wa mtoto. Uso ulishaanza kubadilika rangi. Na mdomo wangu mwenyewe ulikuwa unasema "hora, hora." Baba Elia ni Muha, lugha yao na yetu ni ndugu, neno hilo halihitaji kutafsiriwa kwake. Alimnyakua mtoto, akampuliza, akampigapiga mgongo, na Elia alipopata pumzi akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kizuri hivyo.

Tangu hapo mwanangu analala kwa mama mkwe, huko Gungu. Naletewa mchana nimnyonyeshe, mtu ameketi mbele yangu ananiangalia mikono. Jioni wanaondoka naye kwa bodaboda, na maziwa yananilowesha gauni. Simlaumu Baba Elia. Vidole viwili vimevunjika na nasema asante. Ila silali tena, Dada. Naogopa. Mkono wangu unajua kitu ambacho mimi sikijui, na unasubiri nifumbe macho.

Sikuhukumu. Ulikuwa mtoto, ziwa lilikuwa jeusi, na bunduki zilikuwa zinasikiliza. Kama ni wewe, basi mimi ninapumua kwa sababu ya mkono huo, na Elia pia, na nitakuita dada mpaka nizikwe. Lakini usiniambie tena nishukuru. Hadithi hii sharti iishe mchana, watu wakiwa macho, la sivyo itamalizikia kwenye shingo ya mwanangu. Mama mkwe amesema hatamrudisha mpaka nipone, na ugonjwa wangu dawa yake iko kinywani mwako.

Nimekukumbuka mpaka harufu ya nywele zako. Wasalimie wanao, waambie mama yao mdogo yupo.

Mawese usitume, yapo huku. Vitenge usitume. Ninachohitaji bado unitumie ni hiki: jina la mdogo wetu, lile alilopewa na Baba, maana mimi nililijua lile la kumbembelezea tu. Kama alilia, au pombe ilimtosha. Kama yule mwanamume alikuwepo mtumbwini au nimemtunga mimi. Kama mtoto aliachwa majini au alizikwa, na kama alizikwa, ni ufukwe upi, hata ukinitajia jiwe tu nitalitafuta. Mkono ulikuwa wa nani. Na kama ulikuwa wako, nani aliuondoa, maana mkono wangu alikuwepo mtu wa kuuondoa.

Mdogo wako,
Mama Elia, Bangwe