Mkono Nyuma ya Mgongo

Jumatatu, 3 Machi
Saluni nimefungua saa nne tena. Magomeni nzima, hapa Kilosa, inasema nalewa. Silewi. Asubuhi vidole havikunjuki, vimevimba kama mihogo. Daktari aliniambia baridi yabisi. Nikamjibu nina miaka ishirini na moja, huo ugonjwa ampelekee bibi yangu. Kinyozi bora Kilosa bado mimi. Bisha na kioo.

Jumatano, 5 Machi
Washkaji wanataka tano. Nawapa kiwiko, nasema mikono ya staa haishikwi hovyo. Wanacheka. Mimi ndani sicheki.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeharibu. Mzee Lukasi, mwenye fremu ya saluni, kaja kunyolewa. Kanyoosha mkono. Nikasema shikamoo, wangu nimeuficha mgongoni. Kwa mzee! Hakuitikia. Kaondoka na nywele zake.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kaleta ujumbe: "Mzee anasema hakai na mtoto asiye na adabu. Ijumaa uhame." Saluni sikufungua. Nimelala nimeangalia ukuta.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikwenda. Nilitamani kesho isije. Nimeandika, basi. Mdomo wote huu na sina wa kumwambia.

Jumanne, 11 Machi
Kliniki, Mikumi. Nesi kauliza vidole, nikatania. Kauliza, "Na ndani, mdogo wangu, unaendeleaje?" Nikatania tena. Hakucheka. Kangoja. Nikalia kama ndama wa Msowero. Kasema huzuni hiyo huwapata wengi wenye viungo kama vyangu, nayo inatibika. Kanipa siku ya kurudi, kuongea tu. Kuongea! Si ndiyo fani yangu?

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kwa Mzee mwenyewe. Kuomba huruma sijui. Nikamnyooshea mikono yote miwili.
"Shikamoo babu. Nilikuficha hii. Inauma. Kiburi ninacho, ila si kwako."
Kaitazama weee.
"Si ungesema, mjinga wewe?"
"Nikisema wataniita mzee."
"Mimi mzee. Nimekufa?"
Fremu kaniachia.

Ijumaa, 14 Machi
Nimebandika karatasi mlangoni: NAFUNGUA SAA NNE. VIDOLE VINACHELEWA KUAMKA, UFUNDI UKO MACHO. Anayetaka kucheka acheke, kisha akae kwenye kiti.
Wa kwanza Mzee Lukasi. Shikamoo. Mkono hakunyoosha. Kaniwekea kichwani.
"Marahaba."
Nimemnyoa polepole. Mara mbili nimepumzisha vidole, mbele yake. Kangoja, anaangalia barabara.