Dole la Mama

Jumatatu, 5 Juni 1961
Uji umerudi tena. Kutoka shuleni nilipitia nyumbani Kisauni, nikauchukua, nikaupeleka hospitali. Mama hakuugusa. Tumbo limevimba, kanga haifungiki. Wodi nzima Mbajuni ni yeye peke yake. Dresa, msaidizi wa wodi, humwita "huyu Mbajuni". Ana jina. Leo nimemwambia.

Jumanne, 6 Juni
Daktari asema uvimbe umeziba utumbo. Akipasuliwa huenda akapona, huenda akafia mezani. Asipopasuliwa ni siku chache. Ikaletwa karatasi ya ruhusa, Kiingereza kitupu, na kidau cha wino. Mama kakunja ngumi, dole gumba ndani. Dresa akamvuta mkono. Nikamwambia auachilie mara moja.

Jumatano, 7 Juni
Mimi nataka apasuliwe. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema mbele ya Kaka Athmani. Yeye ndiye aliyemkosha Baba kabla ya mazishi, miaka mitatu iliyopita, alipofia hospitali hiyo hiyo. Baba aliingia na kifua tu, hakupasuliwa. Kaka alipomfunua alikuta mshono, kooni hadi kitovuni. Walimpasua maiti. Hakuna aliyetuuliza, hakuna aliyetueleza. Mama aliyasikia yote nyuma ya pazia.

Lakini Baba alikuwa keshakufa. Mama yu hai! Nina hasira naye.

Alhamisi, 8 Juni
Nimemsihi. Nimelia. Kanijibu: "Mwanangu, sitaki kushonwa kama gunia. Nipeke kwangu."

Daktari asema akizimia, mimi naweza kutia sahihi badala yake. Niliogopa jinsi nilivyofurahi.

Ijumaa, 9 Juni
Saa nne asubuhi Mama kazimia. Nikapewa kalamu. Nikamuuliza daktari: akifia mezani, mtampasua tena kumchunguza? Huenda, akasema, sheria inaruhusu. Nikauliza: mtatuuliza kwanza? Akatazama saa yake. Nikamweleza habari ya Baba. Akasema wakati huo yeye hakuwapo. Basi. Hata pole hakuna.

Kalamu nikaiweka chini.

Adhuhuri Mama kazinduka. Ikaja karatasi nyingine: anatoka kwa hiari yake, hospitali haina lawama. Nikamsomea yote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Dresa hajafungua kidau, Mama keshanyoosha dole.

Jumamosi, 10 Juni
Nyumbani. Anauma kanga asipige kelele. Kaka kanishukuru. Sitaki shukrani yake. Kila Mama anapoguna naiona ile kalamu.

Jumapili, 11 Juni
Mbaya zaidi. Nimemuuliza kama ameghairi, gari litapatikana. Katikisa kichwa. Sikuuliza tena.

Jumatatu, 12 Juni
Mama amefariki alfajiri. Tulimwelekeza kibla, Kaka akamtamkia shahada, naye akaifuata kwa midomo.

Tumemkosha mimi na shangazi. Nilipitisha mkono kooni hadi kitovuni, polepole. Hakuna mshono. Ni wino tu, pale kwenye dole. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa majani ya mkunazi. Haukutoka. Shangazi akanishika mkono, akasema maji yamefika kwenye ngozi, yatosha.

Nikauacha. Amezikwa adhuhuri.