Ukurasa Uliomwangalia Baba

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Asalaam aleikum. Nauliza hali zenu hapo Mwera huku najua hali ya nyumba iliyozika wiki iliyopita. Mama anakula? Mpe shikamoo yangu. Mimi huku Maskati ni mzima wa mwili tu.

Nimesikia maneno ya msibani, kwamba uliachiwa mzee ukaenda kupiga soga. Yameniuma sana, maana ukweli ninao mimi.

Unaukumbuka ule ukurasa wa mtandao niliomtengenezea Baba alipoanza kuangukaanguka. Simu yake inakaa mfukoni mwa kanzu, ukurasa unasoma inavyotikisika, ikishuka ghafla kinalia king'ora kwenye simu yako. Kumbe kila Baba akisujudu, king'ora! Ukatoka mbio shambani, jembe mkononi, ukamkuta yumo kwenye tahiyatu. Ukanipigia: "Kaka, mie n'takufa kabla ya mzee! Kitulize hicho kidude saa za swala." Tulicheka mno.

Nikakituliza. Niliuamuru ukurasa kwamba saa za swala, akishuka vyovyote vile, usihesabu. Ningeweza kuuambia uangalie kama anainuka tena, kwa sababu aliyesujudu huinuka. Ilikuwa kazi ya siku moja. Nilisema nitaifanya Ijumaa, na Ijumaa nikalala.

Jumanne alasiri Baba akaanguka akienda kisimani kutia udhu. Wewe ulikuwa uani unakuna nazi, umetulia kwa kuwa simu yako imetulia. Hukuwa na kosa lolote. Hukujua kwamba saa ile mashine ilikuwa kiziwi, na aliyeitia uziwi ni mimi.

Baada ya maziko nilizifungua namba za mtikisiko wa simu yake siku ile, zote ukurasa umezihifadhi. Alishuka, akajigonga. Halafu akajaribu kuinuka, mara mbili. Kisha namba zikatulia mpaka ulipomkuta. Nimelia, Mwana, nimelia kazini mbele za watu.

Msalimie mumeo, shemeji yangu, aliyeshuka kaburini kumpokea Baba kwa niaba yangu. Wasalimie na wanao.

Nimeandika kwa mkono ili uisome barua hii kwa sauti mbele ya baba mkubwa na shangazi. Wakinilaumu, ni haki yao, lakini wewe wakuombe radhi. Soma yote. Ila Mama akiwapo, pale pa mara mbili paruke.

Kaka yako mwenye kosa,
Mbwana