Karibu Kura

Biryogo, Jumamosi jioni, mwezi wa saba 1992

Jua limeshatua lakini bati bado linatoa joto, na vumbi la kiangazi limeingia mpaka ndani ya daftari hili. Mikono yangu inanuka vitunguu. Nimeiosha kwa sabuni na harufu haitoki, na kusema kweli sitaki itoke.

Leo Shangazi Mariamu amefungua mgahawa.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili niweze kuitazama. Tangu Baba aliponileta kwa dada yake hapa Kigali nisome, nimemjua Shangazi akiwa amechuchumaa kwenye kona ya barabara na karai la mandazi mbele yake, na wateja wamesimama wakimnyooshea mkono kutoka juu. Leo wao ndio waliokaa, na yeye alikuwa amesimama. Sikujua kama ni mrefu hivyo.

Mgahawa wenyewe ni chumba kimoja kilichokuwa cha fundi cherehani. Una meza nne na mabenchi, na kuta zimepakwa rangi ya buluu hadi kiunoni. Kibali Shangazi alikingojea tangu mvua za mwaka jana. Mkuu wa mtaa wetu, ambaye kila mtu anamwita Responsable, alipomkabidhi kile kibali alimwambia wazi: fujo ikitokea mlangoni, hata mara moja, anakichukua tena. Alisema hivyo kwa sababu ya jinsi mwaka huu ulivyo. Vyama vimekuwa vingi, kila mwanamume ana kofia ya chama chake, na majuzi pale stendi ya Nyabugogo mtu alivuliwa kofia akapigwa mpaka akashindwa kusimama. Shangazi aliitikia, akakikunja kibali na kukitia kifuani.

Kwa hiyo asubuhi nilipotoka na ufagio nikaona bango, niliogopa.

Bango lilichorwa na Gaspard, kijana anayeandika majina kwenye mabasi madogo. Alikuwa bado juu ya ngazi. Kuku aliyemchora ni mzuri sana, mnene, ameinua mguu mmoja kama anayecheza ngoma. Chini yake, kwa herufi kubwa nyekundu, aliandika: KARIBU KURA.

Lazima nieleze, kwa sababu nikisoma haya nikiwa mtu mzima huenda nitakuwa nimesahau jinsi tunavyosema hapa. Kinyarwanda hakitenganishi l na r kama Kiswahili, na ndimi nyingi za Kigali husema sauti moja tu mahali pa zote mbili. Mimi nililelewa kwanza na Babu, mzaliwa wa Ujiji, ambaye alinikalisha mbele yake na kunifundisha ulimi uende wapi kwa l na ufanye nini kwa r, mpaka nikalia. Shangazi alikuwa ameolewa huku zamani, na ulimi wake umekuwa wa huku. Alimwambia Gaspard kwa mdomo, Gaspard akaandika alichosikia, na wote wawili wakaridhika.

Lakini kura si kula. Na “karibu”, mbali na kukaribisha, ni kusema kitu hakiko mbali. Mtu yeyote anayejua Kiswahili akipita barabarani angesoma kwamba uchaguzi unakaribia. Uchaguzi ambao nchi nzima inauulizia na hakuna aliyetaja utafanyika lini.

“Kaka Gaspard,” nikasema, “umekosea herufi. Ni kula.”

“Ndio nimeandika. Kura.”

“Kula.”

“Kura! Zaituni, wewe iko na shida gani leo?”

Kabla sijapata jinsi ya kumwonyesha, wanaume wawili walisimama nyuma yangu. Mmoja alivaa kofia ya chama kimoja, na mwingine ya chama kingine. Sikupenda kuwaona wamesimama pamoja.

“Karibu rini?” akauliza wa kwanza. “Mwezi hii ao mwezi ingine?”

“Na hiyo kuku ni arama ya chama gani?” akauliza wa pili.

Mtu akacheka kutoka ng'ambo ya barabara. “Chama cha kuku! Ingia haraka, mwenyekiti wao iko kwa sufuria!”

Ilikuwa utani, na kwa muda ilibaki utani. Watu wakajaa. Wanawake wakasimama na ndoo zao. Kisha yule wa kwanza akasema kwamba kama uchaguzi unatangazwa kwenye migahawa, basi chama cha mwenzake kinaijua tarehe na kinaificha. Mwenzake akamwambia arudie. Akarudia. Nikaona mkono unakwenda kwenye kofia ya mwingine, na watu waliokuwa wakicheka wakaanza kurudi nyuma.

Hapo Responsable akatokea. Ni mtu mnene, mwenye sauti kubwa, na leo nilimwona akitoka jasho kabla hajasema neno. Aliliangalia bango muda mrefu.

“Mama Shabani!” akaita. Ndivyo mtaa unavyomwita Shangazi. Akatoka na mwiko mkononi. “Nani amekupa ruhusa kutangaza kura kwa mtaa yangu? Wakubwa wakiuliza mimi nirikuwa wapi, nitasema nini? Teremsha hiyo kitu. Funga mrango. Na kibari nipe.”

Ndani kulikuwa na sufuria kubwa ya pilau iliyokuwa imeiva, na maharage, na ndizi. Shangazi alitia mkono kifuani akakitoa kibali, akampa. Alifanya hivyo polepole, bila kubishana. Sijawahi kumwona hivyo, na ndiyo maana nilizungumza mimi, ingawa nimefundishwa kutoingilia wakubwa.

Nilimsalimu kwanza. Nikamwambia kwamba neno ni kula, kula chakula, na herufi ndiyo iliyokosewa.

“Ndio hivyo ninasema,” akajibu. “Imeandikwa kura.”

“Ndiyo, mzee. Lakini inatakiwa iwe kula.”

“Sasa tofauti iko wapi? Kura na kura!”

Mtu nyuma akacheka puani. Responsable akajaribu tena, kwa makini, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. “Ku... ra.” Sasa walicheka wengi. Akageuka kuwatazama, na kicheko kikakatika ghafla. Kumcheka mkubwa si jambo dogo. Niliona vidole vyake vimekibana kile kibali, nikajua kwamba nimeharibu kila kitu.

Ndipo Shangazi akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia kuuza mandazi, “Bwana Responsable, hata mie siwezi. Hii mtoto ananisumbua kira siku, ati weka urimi hapa, ati weka pare. Urimi yangu imeshazoea. Njoo tu ndani ukure.”

Ukure.

Alikusudia “ule”, ambalo hapa husemwa “ukule”, lakini kwa Kinyarwanda “ukure” ni neno la kumtakia mtoto mdogo akue. Bibi humwambia hivyo mjukuu aliyekaa mapajani. Na Responsable, jinsi alivyo, na tumbo lake limetangulia mbele ya shati, alisimama hapo ametakiwa akue.

Alijitazama. Akaweka kiganja juu ya tumbo.

“Nikure tena?” akasema. “Mama Shabani, mimi nimeshakura!”

Sijui nisimulie vipi kile kicheko. Kilianza kwake mwenyewe, kikashika barabara nzima. Mwanamke mmoja alitua ndoo chini ili acheke vizuri. Gaspard alishikilia ngazi. Wale wawili wenye kofia walicheka mpaka mmoja akamwegemea mwenzake bila kukumbuka ni nani. Mkono ulioelekea kwenye kofia sasa ulikuwa begani.

Responsable alimrudishia Shangazi kibali mbele yetu sote. Akatoa amri moja: herufi ile ibadilike kabla hajamaliza sahani yake. Kisha akainama kidogo mlangoni na kuingia, na watu wakaingia nyuma yake mpaka mabenchi yakajaa.

Nilimchorea Gaspard L kubwa mavumbini kwa kidole. Aliiangalia kwa huruma. “Hii tu? Mstari na mguu?” Akaifuta ile R kwa rangi nyeupe na kuandika mpya. Alipomaliza alishuka, akarudi nyuma hadi katikati ya barabara, akasoma kwa sauti kubwa na kwa fahari: “Karibu kura!”

Nikamwambia ni sahihi kabisa.

Halafu nikaingia kugawa chakula, na kilichofuata ndicho ninachotaka kukihifadhi hapa. Kwa muda hapakuwa na sauti ila ya vijiko. Pilau ya Shangazi iliwafanya wanyamaze watu ambao hata redio huwa haiwanyamazishi. Wale wawili walikaa benchi moja kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine, kofia zao zimelala mezani, moja karibu na nyingine. Mmoja alitaka pilipili. Mwingine akaisogeza kabla hajaombwa, akasema, “Pore pore, ndugu, hiyo iko kari.” Shangazi alisimama kwenye mlango wa jikoni. Hakusogea. Mwiko ulikuwa ukidondosha mchuzi sakafuni na hakuuona.

Nami nilisimama hivyo hivyo.

Babu alinifundisha herufi kama mtu anavyofundisha adabu, na nilidhani kazi ya herufi ni hiyo tu, kusema vizuri. Leo nimeona herufi moja ikikaribia kuwapiganisha watu. Tena nimeona neno lililosemwa vibaya likiwakalisha mezani. Sijui niliweke wapi jambo hili. Ni kubwa kuliko mimi.

Shangazi sasa analoweka maharage ya kesho na anaimba. Nilimuuliza kama amewahi kupiga kura. Akasema mara nyingi, lakini jina lilikuwa moja, kazi yako ilikuwa kulikubali. Sasa wanasema majina yatakuwa mengi. Siku hiyo itakapofika kweli, watu wakishachagua, wengine wameshinda na wengine wameshindwa, je, watarudi kukaa benchi moja? Atakuwepo wa kumsogezea mwenzake pilipili?

Leo nimeona inawezekana. Nilikuwa hapo hapo, na sahani mikononi.

Nataka kuliona jambo hilo tena.