Prosesa Uliyotuma Kitai

Kitai,
Wilaya ya Mbinga.
Jumapili, 14 Julai 2024.

Mpendwa Mjomba Wendelin,

Shikamoo Mjomba. Ni mimi Herieth, mtoto wa dada yako Gertruda. Hujambo na kazi za huko Mwanza? Mkazamjomba Luisa na watoto hawajambo? Huku kwetu baridi ya Julai imekaza, na asubuhi ukungu unaficha hata basi lililosimama upande wa pili wa barabara. Sisi tu wazima, ila Mama hali vizuri wala halali vizuri, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Prosesa ilifika salama. Lakini Mjomba, kompyuta haiwaki.

Unajua mashine ile ya dukani ni ya zamani kuliko mimi. Wanafunzi wanaoomba vyuo walikuwa wakisubiri ukurasa mmoja ufunguke mpaka wanachoka, wanakwenda Mbinga mjini. Uliposema prosesa yenye nguvu zaidi itaiokoa, Mama aliimba siku nzima.

Kifurushi alikipokea Babu kituoni. Karatasi yako ilinielekeza nipake pesti ya kupunguza joto juu ya prosesa kabla ya kufunga feni. Niliitafuta nisiione, nikadhani umesahau kuiweka. Wateja walikuwa wanasubiri, Mama akasema, "Funga tu, mwanangu." Nikafunga.

Mashine iliwaka, ikaonyesha jina la prosesa mpya kwenye skrini. Tulipiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, ikazima. Tuliiwasha tena na tena. Mwisho feni ilizunguka tu na skrini ikabaki nyeusi, na nilipofungua, prosesa iliniunguza kidole. Nimerudisha ile ya zamani, hali ni ileile.

Kisha Babu akarudi kutoka kwake Mbuji akiwa na furaha.

"Dawa ya Wendelin ni kali," alisema. "Kidonda cha mbuzi kimeanza kukauka."

Kumbe aliona bomba la sindano lenye pesti ndani ya kifurushi. Huku kwetu bomba la sindano likitoka mjini ni dawa ya mifugo, hakuna anayeuliza. Akaenda kumpaka mbuzi wake aliyechanwa na seng'enge.

Mama aliketi chini. "Baba, ile ilikuwa ya kompyuta."

"Kompyuta nayo ina kidonda?"

"Imekwisha yote?"

"Kidonda kilikuwa kikubwa, binti yangu."

Sikuweza kucheka, Mjomba. Hata sasa siwezi.

Mama ameshazungumza na Mama Mdogo Lidia aliyeko Lituhi, kando ya ziwa. Mwezi ukiisha mashine ikiwa bado imekufa, atafunga duka aende ziwani kununua dagaa wa usipa na kuja kuwauza huku milimani. Mimi nitapelekwa Mbuji kwa Babu, na kutoka kule siwezi kwenda na kurudi shuleni kwangu kila siku. Hajaniambia. Nilimsikia akiongea kwa simu huku nikimenya viazi. Tangu siku ile ameifunika kompyuta kwa kitenge, haifunui hata kufuta vumbi. Kukupigia wewe anaona aibu, kwa kuwa tumekuharibia kitu chako. Ila amekubali nikuandikie.

Prosesa yako nimeizungushia pamba, nitampa kondakta wa basi pamoja na barua hii. Naomba uipime. Kama imeungua, niambie ukweli, nitajua namna ya kumwambia Mama.

Jana Mama alipokwenda jumuiya, nilifunua kitenge. Nilitoa kadi ya kumbukumbu, ile RAM, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli kama ulivyonifundisha Krismasi, nikairudisha na kuwasha. Skrini ilikuwa nyeusi vilevile. Lakini mashine ililia, mlio mmoja mfupi.

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba mashine iliyokufa hailii.

Niliizima, nikaifunika tena vizuri kama alivyoiacha. Mama sijamwambia. Naogopa kumpa furaha nyingine ya kupigia makofi.

Babu Raimundi anakusalimu, na Mama pia, ingawa hajanituma. Wasalimie mkazamjomba Luisa na mdogo wangu Cleopa. Mungu ailinde mikono yako na kazi zako zote.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuombea,
Herieth

Nyongeza: Ukituma pesti nyingine, tafadhali andika juu ya bomba kwa herufi kubwa: SI YA MBUZI. Yule wa kwanza amepona, na Babu ana mwingine anayechechemea.