Shimo la Banda la Butere

Nekesa, mjukuu wangu mwenye kamera,

Huku tuko wazima. Ng'ombe amezaa, na nyanyako bado ananigombeza. Eti waniandikia kwamba lile shimo refu kwenye banda bovu la injini za garimoshi pale Butere ni kaburi? Na masomo yote hayo! Injini ilikuwa ikisimama juu yake, fundi anaingia chini kuitengeneza, na majivu yanamwagwa humo humo.

Miaka ile miwa ilipotunawirisha, nilikuwa mkata miwa, mchumba wa nyanyako. Siku moja nikajipenyeza shimoni humo, chini ya injini, kuchungulia tu. Mara, sauti ya mama mkwe! Amemletea kaka yake, dereva wa injini ile, obusuma, ugali wetu. Nawe wajua kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Ni aibu ya kuvunja uchumba. Nikajikunyata. Dereva akaita, "Haya, mwageni majivu ya moto!"

"Ngojeni kwanza," mama mkwe akasema, akajifunika leso usoni. "Wewe injini, mwambie huyo aliye chini yako atoke. Mimi sioni kitu."

Nikatimua mbio, mweusi kama sufuria.

Alijuaje nimo? Hadi tunamzika nilitamani kumwuliza, lakini mama mkwe haulizwi. Basi lipige picha vizuri hilo shimo, huenda kuna tundu alilonionea.

Babu yako